SOMO: NANI ATAFUNIKA SHIMO? SERIKALI, WAZAZI NA TELEFONE YA MTOTO



Kusudi la somo: Kujua kama kazi ya kuzuia watoto katika mitandao (Facebook, TikTok, Instagram, WhatsApp na ingine) ni ya Serikali ao ni ya wazazi, na kila mmoja afanye nini.

Tusome kwanza katika nyumba: Kutoka 21:33-34, 1 Samweli 3:11-14 na 4:18, Waefeso 6:4.

MANENO YA KWANZA

Ulizo hili limegawanya watu. Wamoja wanasema: «Serikali ifunge hii mitandao kwa watoto, sisi wazazi tumeshindwa.» Wengine wanajibu: «Mtoto ni wa baba na mama yake, Serikali haina neno katika nyumba yangu.» Na kuna wa tatu wanaosema telefone yenyewe ni chombo cha shetani, itupwe inje.

Tuanze na hao wa tatu. Telefone ni chombo. Batri yake inatengenezwa na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote inatoka katika inchi yetu ya Kongo, kwa sehemu kubwa katika udongo huu wa Katanga. Kwa telefone hiyohiyo mama wa Likasi anasikia sauti ya mtoto wake aliye Kolwezi ao Kalemie, na mwanafunzi anatafuta maana ya neno lisilo katika daftari yake. Chombo hakina dhambi. Lakini shimo pia halina dhambi, na hata hivi linaua yule anayeanguka ndani yake. Ndiyo maana tumechagua fungu la Kutoka. Linamhukumu mtu aliyefungua shimo na kuliacha bila kifuniko, mnyama wa mwenzake akaanguka humo: yule mwenye shimo atalipa. Watu wa Kamatanda wanajua maana ya shimo wazi kuliko watu wa miji mingine.

I. SHIMO HILI LINACHIMBWA NAMNA GANI?

Wengi wanafikiri mitandao ni ya bure. Si ya bure. Kompani zenye mitandao zinapata feza zao kwa matangazo ya biashara. Kila dakika mtu anayoangalia, matangazo yanapita mbele ya macho yake, na kompani inalipwa. Basi mashine yao inajifunza kila mtu: ulisimama wapi, ulirudia picha gani, ulicheka wapi. Kisha inakupa ingine ya namna ileile, tena ingine, bila mwisho. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na mpira una dakika 90. TikTok haina mwisho. Iliundwa namna hiyo kwa makusudi. Hata mzee mwenye mvi anashikwa. Mtoto wa miaka 11 atafanya nini?

Tena tujue neno juu ya umri. Mitandao mingi inasema mtoto asiingie mbele ya miaka 13. Wazazi wengi wanafikiri waganga ao walimu walichagua miaka hiyo. Sivyo. Inatoka katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyokataza kompani kukusanya habari za watoto walio chini ya miaka 13 bila ruhusa ya wazazi. Ilifanywa wakati Facebook haijazaliwa (ilianza mwaka 2004). Haikusema kwamba mtoto wa miaka 13 amekomaa. Na kwa miaka mingi mlinzi wa mlango huo amekuwa ni mtoto mwenyewe: anaandika mwaka wowote wa kuzaliwa anaoutaka, na mlango unafunguka.

II. UBAYA NI WA KWELI AO NI WOGA WA WAZEE?

Kila kizazi kinaogopa kitu kipya. Kulikuwa wakati wazee waliogopa sinema, kisha televizyo, kisha video. Kwa hiyo tusihukumu kwa woga, tuangalie mambo yenyewe.

Mwaka 2021 mfanyakazi mmoja wa zamani wa Facebook, Frances Haugen, alitoa karatasi za ndani za kompani. Karatasi hizo zilionyesha kwamba kompani ilifanya utafiti wake yenyewe na kukuta kwamba Instagram iliwazidishia wasichana wengine huzuni juu ya miili yao. Mwenye shimo alijua kwamba shimo ni refu. Mwaka 2023 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa onyo: watoto wanaopitisha zaidi ya saa 3 kila siku katika mitandao wana hatari mara mbili ya kupata alama za huzuni kubwa na mahangaiko. Haki inatuomba kusema pia kwamba wenye elimu hawapatani wote. Wamoja wanauliza kama mtandao unaleta huzuni, ao mtoto mwenye huzuni ndiye anayekimbilia mtandao.

Lakini kuna mabaya yasiyo na mabishano: mtu mzima anayejifanya kijana na kuomba msichana picha ya uchi, kisha anamtisha kwa picha hiyo, matusi ya kikundi juu ya mtoto mmoja, ambayo zamani yaliishia kwenye mlango wa masomo na leo yanamfuata mpaka kwenye kitanda, usingizi unaoibiwa, feza ya chakula inayogeuka kuwa mega. Mzazi hahitaji profesa kwa kuyaona.

III. NGUVU YA SERIKALI NA MIPAKA YAKE

Inchi ya Australia ilipima jambo hili mbele ya zingine. Mwezi wa 11 mwaka 2024 wabunge wake walipitisha sheria, nayo ikaanza kutumika tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 2025: mtoto asiyetimiza miaka 16 asiwe na konti katika Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, YouTube, X na mingine ya namna hiyo. Tuangalie vizuri ni nani anayeadhibiwa. Si mtoto, si mzazi. Ni kompani: isipojikaza kuwazuia watoto, inaweza kulipishwa mpaka dola 49.500.000 za Australia. Katika mwezi wa kwanza 2026 wakubwa wa inchi ile walitangaza kwamba konti karibu 4.700.000 zilikuwa zimefungwa. Sheria hii inafuata hekima ya Kutoka: mwenye shimo ndiye afunike.

Hata hivi, watoto wengine walitafuta njia za kupita, kwa konti za wakubwa ao kwa kudanganya mashine inayopima uso. Na WhatsApp haikuwekwa katika katazo hilo. Basi mtu wa Likasi anayesema «tufanye sawa Australia» ajue kwamba mlango mkubwa wa watoto wetu, WhatsApp na vikundi vyake, ungebaki wazi. Ufaransa nayo ilipiga kura juu ya sheria mwaka 2023, kuomba ruhusa ya wazazi kwa walio chini ya miaka 15. Lakini sheria ile ilikwama, sababu haikupatana na kanuni za Ulaya. Kuandika sheria ni jambo moja, kuitumikisha ni lingine.

Na kwetu Kongo? Tusiseme hatuna kitu. Tuna Sheria ya 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 ya kulinda mtoto. Inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, inaadhibu wenye kutengeneza na kusambaza picha chafu za watoto, na imeweka mahakama ya watoto. Tuna pia Sheria ya mambo ya numerike ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023. Wazazi wengi hawazijui, ndiyo maana tunaziandika hapa.

Lakini lazima tuseme ukweli wote. Kwetu Serikali inajua kufunga mitandao, ila haikuifunga juu ya watoto. Mwezi wa 1 mwaka 2015 intaneti ilikatwa wakati wa ghasia juu ya sheria ya uchaguzi. Kisha uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2018, inchi yote ilikaa karibu siku 20 bila intaneti. Uganda, tangu mwezi wa 7 mwaka 2018, iliwalipisha raia shilingi 200 kila siku kwa kuingia katika mitandao, mpaka kodi hiyo ikaondolewa mwaka 2021. Na sisi wenyewe tunakumbuka RAM, iliyoanza mwaka 2020: feza zilikatwa katika telefone za watu kwa jina la kuandikisha vyombo, mpaka watu wakalalamika inchi nzima na ikakomeshwa mwaka 2022.

Hatuandiki haya kwa kuchafua wakubwa, tunawaombea. Tunaandika ili tujue tunaomba nini. Ufunguo unaoomba afungie mtoto wako unaweza kukufungia wewe pia. Tena, kwa kujua umri wa mtoto, kompani itaomba karatasi ao itapima uso. Karatasi gani? Sheria inaomba mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, lakini watoto wengi kati yetu hawana cheti cha kuzaliwa. Mzazi anayetaka Serikali ijue umri wa mtoto wake aanze kwa kwenda komini kumwandikisha.

IV. NGUVU YA MZAZI NA MIPAKA YAKE

Mzazi ana kitu ambacho Serikali haina: yuko ndani ya nyumba. Ndiye ananunua telefone, ndiye anatoa franka ya mega, ndiye anaona macho ya mtoto asubuhi na kujua kama alilala. Anajua kwamba wa kwanza ana miaka 14 na akili ya mtu mzima, na wa pili ana miaka 16 na bado anadanganywa na kila mtu. Sheria haiwezi kujua hayo. Inahesabu miaka tu.

Lakini tusiwabebeshe wazazi mzigo wasioweza. Mama anayeuza unga sokoni tangu asubuhi mpaka jioni hamwoni mtoto wake. Baba aliye katika mashimo ao katika kazi ya usiku hamwoni. Wengi walipata telefone ya intaneti wakati mmoja na watoto wao, na ni mtoto anayemfundisha baba. Nyumba ingine ina telefone moja kwa watu wanane: picha alizotumiwa kaka mkubwa zinaonwa na mdogo wa miaka 7. Na ukimkataza wako, jirani ana yake. Mzazi mmoja mwenye kukaza, kati ya wazazi kumi wenye kulegeza, anageuka mbaya mbele ya mtoto wake.

Tena kuna jambo la aibu tusilifiche. Katika nyumba nyingi msichana ananyanganywa telefone na kaka yake anaachiwa, kana kwamba hatari ni ya wasichana tu. Nani basi anayeomba picha za uchi? Mara nyingi ni mvulana asiyefundishwa na mtu. Kanuni ya nyumba iwe moja kwa wote wawili.

V. FUNDISHO LA MASHIMO YETU

Sheria ileile ya 2009 inakataza kazi mbaya za watoto, pamoja na kazi ya mashimo. Hata hivi, mwaka 2014 UNICEF ilihesabu watoto karibu 40.000 waliofanya kazi katika mashimo ya kusini ya Kongo. Sheria ilikuwako, watoto walikuwa wakiosha mawe. Juu ya nini? Sababu njaa ilikuwa nyumbani, mnunuzi alipima mawe bila kuuliza nani aliyayachimba, na wakubwa wengine walipita bila kutazama.

Je, tungeweza kusema: «Ni kosa la wazazi peke yao»? Hapana, sababu mnunuzi ndiye alitajirika. Ni kosa la Serikali peke yake? Hapana, sababu mtoto alitoka katika nyumba yenye baba na mama. Na wakati shirika Amnesty International lilipoandika juu ya jambo hili mwaka 2016, kompani kubwa za telefone na za magari zikaanza kuulizwa mbele ya dunia yote: kobalti yenu inatoka wapi? Ndipo mwenye kupata faida alianza kuangalia chini ya miguu yake.

Tunaona njia ileile hapa. Kuna watu watatu kwenye ukingo wa shimo: mwenye shimo, ndiyo kompani, mkubwa wa mji, ndiyo Serikali, na mzazi wa mtoto. Mkubwa wa mji hawezi kushika mkono wa kila mtoto. Mzazi hawezi kumlazimisha mwenye shimo alifunike. Kwa hiyo jibu la somo ni hili: Serikali izuie kompani, mzazi azuie mtoto, na hakuna anayeweza kujitetea kwa kazi ya mwenzake.

Tumwangalie kuhani Eli. Wengi wanamkumbuka kuwa baba tu. Lakini 1 Samweli 4:18 inatuonyesha kwamba alikuwa pia mwamuzi wa Israeli miaka 40. Alikuwa mzazi na Serikali katika mwili mmoja! Uwezo wa nyumba ulikuwa wake, na uwezo wa inchi ulikuwa wake. Hata hivi wanawe walipotea, sababu aliwasemesha tu, hakuwazuia. Basi tusidanganyike kwamba mambo yatanyooka siku tutakapopata uwezo zaidi. Anayekosa kuzuia akiwa na uwezo mdogo, atakosa akiwa na mkubwa.

Lakini Waefeso 6:4 inatuwekea mpaka upande mwingine: mzazi asimchokoze mtoto mpaka hasira ijae moyoni. Kuvunja telefone ya mtoto mbele ya rafiki zake, kumpiga bila maelezo, hiyo si kuzuia. Mtoto atajifunza kuficha tu, na siku mtu mwovu atakapomtisha kwa picha, hatakuja kwako. Atanyamaza, na kunyamaza huko kumeua watoto katika inchi nyingi.

VI. TUFANYE NINI KATIKA NYUMBA ZETU?

1. Mtoto asiyemaliza masomo ya chini asiwe na telefone yake mwenyewe. Atumie ya mzazi, mahali watu wanapokaa, kwa saa inayojulikana.

2. Tangu miaka 13 mpaka 15, mzazi ajue vikundi vyote ambamo mtoto yuko na watu anaozungumza nao. Mtoto aambiwe wazi kwamba mzazi ataangalia. Asipelelezwe kwa siri.

3. Tangu miaka 16, kamba ilegezwe kidogo kidogo. Kijana wa miaka 17 asiyewahi kuachiliwa ataanguka siku ya kwanza ya kuondoka nyumbani. Kuzuia ni kwa wakati. Mwisho wake ni mtu anayejizuia mwenyewe.

4. Usiku telefone zote zilale katika chumba cha wazazi. Na ya baba pia ilale. Baba anayeangalia video mpaka saa sita za usiku hana mdomo wa kumkataza mtoto.

5. Wazazi wa kalasi moja ao wa avenue moja wapatane kanuni moja. Ndipo mtoto hatasema: «Mimi peke yangu ndiye ninakatazwa.»

6. Mtoto afundishwe mambo matatu kwa moyo: usitume picha ya mwili wako kwa mtu yeyote, usimfuate mtu uliyemjua katika telefone tu, mtu akikutisha, uje kwetu mara moja, hatutakupiga. Mzazi akishatoa ahadi hiyo, aishike.

7. Neno likiwa zito, ujumbe usifutwe, ndio ushuhuda. Upelekwe kwa Polisi ya kulinda watoto na wanawake ao kwa mahakama ya watoto. Mambo ya namna hii yasimalizwe kwa siri kwa mbuzi na feza, hata kama mwenye kosa ni mtu wa jamaa ao mtu wa kanisa.

Na kwa Serikali tuombe mambo yanayojulikana: kompani zijibu zinapoambiwa picha ya mtoto iondolewe, sheria za 2009 na 2023 zielezwe kwa Kiswahili, watu wazisikie, cheti cha kuzaliwa kipatikane bila mazunguko. Tusiombe inchi yote ifungiwe mdomo kwa jina la watoto.

MWISHO

Ndugu mmoja anaweza kusema: «Nitangoja sheria ije kutoka Kinshasa.» Mtoto wako ana miaka 12 leo. Sheria ikikawia miaka minne, atakuwa na 16, na shimo litakuwa limekwisha kumeza ama kumkosa. Mwingine atasema: «Mimi nalinda wangu, ya Serikali hayanihusu.» Wako anasoma pamoja na wangu, na kile wangu alichoona jana, leo wako anakijua. Kwa hiyo tusimame wote kwenye ukingo, kila mtu kwa upande wake.

MAULIZO YA KUJIFUNZA KATIKA NYUMBA NA KATIKA VIKUNDI

1. Sheria ya Kutoka 21 inamhukumu nani, na juu ya nini? Katika mambo ya mitandao, huyo ni nani?

2. Miaka 13 inayoandikwa na mitandao inatoka wapi?

3. Sheria ya Australia inaadhibu nani? Mlango gani ingeuacha wazi kwetu?

4. Eli alikuwa na uwezo wa namna mbili. Ni upi, na alikosa nini?

5. Kwa vijana: ni kanuni gani ya nyumba yenu mnaona ni ya haki, na ni ipi mnaona si ya haki? Mseme mbele ya wazazi, na wazazi wasikilize mpaka mwisho bila kukata maneno.

6. Kwa wazazi: mtoto wako yuko katika vikundi vingapi vya WhatsApp? Kama hujui, ulizo la leo usiku ni hilo.

Amani kwa nyumba zote. Amina.